Mwalimu Nyerere: aliyeacha chaki akapigania watoto waliokosa nafasi

Ukimsikia mzee wa Kidete au Kilosa akisema aliishia darasa la nne, usidhani alikuwa mvivu. Miaka ya 1950, enzi za Mwingereza, mtoto wa Kiafrika alisoma miaka 4 ya shule ya msingi, kisha akafanya mtihani. Wachache ndio waliovuka kwenda shule ya kati, yaani darasa la tano hadi la nane. Huko nako ulimsubiri mchujo mwingine wa kwenda sekondari. Watoto wenye akili walikuwa wengi kuliko nafasi.

Julius Kambarage Nyerere aliponea chupuchupu. Alizaliwa Butiama mwezi Aprili 1922, mtoto wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki. Alianza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, akiwa tayari na umri wa miaka 12. Masomo ya miaka 4 aliyamaliza kwa miaka 3, akachaguliwa kwenda Tabora mwaka 1937, na baadaye Makerere kusomea ualimu.

Kuanzia 1946 alifundisha St. Mary's, Tabora. Jioni aliwafundisha Kiingereza watu wa mjini bila malipo. Mwaka 1949 alikwenda kusoma Chuo Kikuu cha Edinburgh, na aliporudi akafundisha St. Francis, Pugu. Tabora na Pugu zote ziko kwenye Reli ya Kati, reli hiyohiyo inayopita Kidete.

Tarehe 7 Julai 1954 TANU ilizaliwa, naye akawa rais wake. Machi 1955 alikwenda Umoja wa Mataifa, New York, kuitetea Tanganyika. Aliporudi alitakiwa kuchagua: siasa au ualimu. Alikuwa na mke na familia changa, na mshahara ulikuwa wa uhakika. Akaacha kazi.

Miaka hiyo jumuiya ya wazazi, TAPA, ikishirikiana na TANU, ilianzisha shule kwa ajili ya watoto waliokosa nafasi. Baada ya uhuru, shule za kubagua watoto kwa rangi zilifutwa, na hatimaye elimu ya msingi ikawa ya miaka 7 mfululizo, bila kusimamishwa darasa la nne.

Mwaka 1967 Mwalimu aliandika Elimu ya Kujitegemea. Alionyesha kwamba kati ya kila watoto 100 waliomaliza shule ya msingi, 13 tu ndio waliopata sekondari. Hoja yake ilikuwa kwamba shule isiwaandae hao 13 peke yao, bali iwape maarifa ya maisha na wale 87 wanaobaki kijijini.

Mwaka 1974, huko Musoma, iliamuliwa kila mtoto apate elimu ya msingi ifikapo 1977. Vijiji vilifyatua matofali na kujenga madarasa. Walimu hawakutosha, hivyo vijana waliomaliza darasa la saba walijifunza ualimu huku wakifundisha. Ubora ulishuka, na mlango wa sekondari ulibaki mwembamba. Wanaolalamikia hilo wana haki.

Mwalimu alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa Butiama. Msikilizaji, jioni ya leo muulize mzee wako aliishia darasa la ngapi, na ni nani au nini kilichomzuia kuendelea. Kisha mtazame mtoto aliyeko nyumbani kwako.