Hong Yen Chang: Wakili aliyepata kibali miaka 89 baada ya kufa

MNAMO Machi 16, 2015, Mahakama ya Juu ya jimbo la California, Marekani, ilitoa kibali cha uwakili kwa mtu aliyekuwa amefariki miaka 89 kabla ya siku hiyo.

Mtu huyo alikuwa Hong Yen Chang, mzaliwa wa China, aliyekuwa ameiomba mahakama iyo hiyo kibali hicho mwaka wa 1890 na kukataliwa. Hakukataliwa kwa kukosa elimu wala kwa doa lolote katika mwenendo wake. Kilichomponza kilikuwa uraia.

Chang alifiwa na babake, aliyekuwa mfanyabiashara, akiwa angali mtoto. Mwaka wa 1872, akiwa na umri wa takriban miaka 13, aliabiri meli kwenda Marekani akiwa miongoni mwa wavulana 30 wa kwanza waliochaguliwa na serikali ya kifalme ya China kwenda kutafuta elimu ya Magharibi. Kwa jumla, vijana 120 walipelekwa chini ya mpango huo kati ya mwaka wa 1872 na 1875.

Kijana huyo alisomea katika jimbo la Connecticut, kisha akajiunga na shule ya Phillips Academy iliyoko Andover, ambako alihitimu mwaka wa 1879. Kutoka hapo alipata nafasi katika Chuo Kikuu cha Yale.

Hata hivyo, mwaka wa 1881 serikali ya China iliuvunja mpango huo na kuwaita vijana wake nyumbani. Chang alirejea kwao kabla ya kukamilisha masomo yake Yale, lakini hakukaa sana. Alirudi Marekani na kujiunga na chuo cha sheria cha Columbia, jijini New York, alikofuzu mwaka wa 1886.

Alipokuwa China, mambo yalikuwa yamebadilika Marekani. Mwaka wa 1882 bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria iliyowazuia vibarua wa Kichina kuingia nchini. Sheria hiyo pia iliziamuru mahakama zote, ziwe za taifa au za majimbo, zisimwandikishe Mchina yeyote kuwa raia. Hata kabla ya hapo, uraia wa kuandikishwa ulikuwa umetengewa watu weupe na, kuanzia mwaka wa 1870, watu wenye asili ya Afrika.

Chang alipoomba kuwa wakili New York, watahini walimpa alama za juu na wote wakapendekeza akubaliwe. Majaji nao waligawanyika. Wawili dhidi ya mmoja walimkataa kwa sababu hakuwa raia.

Hakufa moyo. Mwaka wa 1887, jaji mmoja wa New York alimpa cheti cha uraia, licha ya sheria ya 1882. Bunge la jimbo hilo nalo likapitisha sheria mahsusi ya kumruhusu kuwasilisha ombi lake upya. Mwaka uliofuata alikubaliwa, na akawa Mchina pekee aliyekuwa wakili kwa utaratibu rasmi kote Marekani. Gazeti la New York Times liliripoti kwamba yeye na mwenzake mmoja mweusi walipoitwa kutia saini, wanafunzi wengine waliwapigia makofi kwa shangwe.

Kwa muda huo mfupi, Chang alikuwa na kila kitu alichokihitaji: shahada, leseni na cheti kilichomtambua kuwa Mmarekani. Ndipo akaamua kuhamia California.

Uamuzi huo ulikuwa na sababu. Jiji la San Francisco lilikuwa na jamii kubwa ya Wachina, na ndio waliomhitaji wakili kuliko wengine. Katiba ya California ya mwaka wa 1879 ilizikataza kampuni na miradi ya umma kuwaajiri Wachina. Wale waliofikishwa mahakamani walilazimika kutetewa na watu wasioielewa lugha yao.

Kwa desturi, wakili mwenye leseni ya jimbo jingine alikubaliwa California bila shida. Stakabadhi za Chang zilikuwa kamili. Lakini sheria ya jimbo hilo iliruhusu uwakili kwa raia tu, au kwa mgeni aliyestahiki kuwa raia na aliyekuwa ametangaza nia ya kuwa raia.

Majaji wa California walikiangalia cheti chake cha uraia na kuamua kwamba kilitolewa kinyume cha sheria ya 1882, kwa hivyo hakikuwa na uzito wowote. Machoni pa New York alikuwa Mmarekani. Machoni pa California alikuwa bado mgeni ambaye hangeweza kamwe kuwa raia. Pwani moja ya nchi ilimpa uraia, na pwani nyingine ikamvua.

Mlango wa uwakili ulipofungwa, Chang aligeukia kazi nyingine. Alikuwa mshauri katika ubalozi mdogo wa China huko San Francisco, kisha akafanya kazi ya benki. Baadaye China ilimteua kuwa konseli wake mjini Vancouver, Canada, na katibu wa kwanza katika ubalozi wake jijini Washington. Mtu aliyekataliwa na nchi aliyoichagua alitumikia kwa heshima nchi aliyozaliwa. Alifariki mwaka wa 1926, akiwa hajawahi kusimama mbele ya jaji wa California kumtetea mteja.

Sheria iliyomzuia haikudumu. Wachina waliruhusiwa kuandikishwa kuwa raia wa Marekani mwaka wa 1943. Mwaka wa 1972 mahakama ya California iliondoa sharti la uraia kwa mawakili, na mwaka uliofuata Mahakama ya Juu ya Marekani ikatoa uamuzi kama huo kwa nchi nzima.

Nchini Kenya, sehemu ya 12 ya Sheria ya Mawakili ingali inataja uraia, wa Kenya au wa nchi jirani za Afrika Mashariki zilizoorodheshwa, miongoni mwa masharti ya kuwa wakili. Tangu mwaka wa 2010, Kifungu cha 16 cha Katiba kinamhakikishia Mkenya wa kuzaliwa kwamba hatapoteza uraia wake kwa kupata wa nchi nyingine. Chang hakuwa na kinga ya aina hiyo.

Kesi yake ilifufuliwa na wanafunzi wa sheria wenye asili ya Asia katika Chuo Kikuu cha California, Davis, wakishirikiana na mhadhiri wao. Majaji wote walikubaliana nao. Miongoni mwa jamaa zake waliofurahia uamuzi huo alikuwa Rachelle Chong, mjukuu wa upande wa ndugu, ambaye mwenyewe ni wakili.