Edward VIII: Mfalme aliyeacha kiti, ndururu zake zikabaki

Kama una watu wako Kitengela au ndani huko Kajiado, kopo la vitu vya kale kwa nyanya yako huenda lina sarafu yenye tundu katikati. Itoe uicheki vizuri. Zile alama mbili zilizopinda kando ya tundu wengi hudhani ni majani. Ni pembe za ndovu. Sasa igeuze upande wenye taji. Ukisoma EDWARDVS VIII, umeshika jina la mfalme aliyetawala siku 326 tu.

Jamaa alizaliwa Juni 23, 1894, mjukuu wa kwanza wa kiume wa mwana wa malkia, kwa hivyo kazi yake ilijulikana tangu akiwa mtoto. Shida ni kwamba hakuipenda sana. Alipenda raha, safari na wanawake walioolewa. Mwaka 1928 alifika Kenya kuwinda, akiongozwa na Denys Finch Hatton, lakini habari zikamfikia akiwa Dodoma kwamba babake anaumwa sana. Akarudi mbio. Mwaka 1930 alikuja tena, na safari hii alipenda zaidi kupiga wanyama picha kuliko risasi. Shule ya Nairobi ya leo ilipofunguliwa 1931 ilipewa jina la cheo chake, Prince of Wales.

Januari 20, 1936, babake alifariki, naye akawa mfalme. Alitaka kumwoa Wallis Simpson, Mmarekani aliyekuwa ametalikiwa mara moja na talaka ya pili iko njiani. Serikali ya Baldwin ikakataa katakata. Ilipofika Desemba 11 alikuwa ameshaachia ndugu yake kiti. Ndugu huyo ndiye babake Elizabeth, yule aliyekuwa malkia akiwa hapa kwetu Nyeri mwaka 1952. Bila Wallis, sijui kama Nyeri ingekuwa na hiyo stori.

Sasa, mbona jina lake lilifika kwetu? Kule Uingereza sarafu zilihitaji sura yake, na sura ilileta vuta nikuvute: desturi ilimtaka aangalie kulia, yeye akataka kushoto, upande aliouona mzuri. Muda ukaisha kabla hazijatolewa. Lakini senti 5 na senti 10 za Afrika Mashariki zina tundu, hazina nafasi ya kichwa. Zilihitaji jina tu, kwa hivyo zikapigwa kwa mamilioni.

Hapo kwa mamilioni ndipo uwe macho. Sarafu ya dhahabu ya Edward yenye sura yake, ambayo haikuwahi kutumika dukani, iliuzwa pauni milioni moja mwaka 2020. Mabroka wa mtandaoni huchukua hiyo habari, wakaibandika kwa ndururu ya shosho, kisha wakakuitisha pesa ya usajili ndio eti mnunuzi aje. Usitume hata bob. Ndururu iliyochakaa ni bei ya chipsi, pengine pungufu. Inayong'aa kama mpya itapanda kiasi.

Edward alifia Paris Mei 28, 1972, akiwa na Wallis bado. Ukiangalia ndururu yake utaona pengine herufi ndogo H au KN. Hizo ni alama za viwanda vya Birmingham. Na tafadhali usiisugue na stiliwulu. Wakusanyaji huikataa papo hapo.