Odera Oruka: Profesa aliyeenda kijijini kuuliza, si kufundisha

Jioni moja nilikuwa Takawiri, kile kisiwa kidogo unachokipita ukitoka Mbita kwenda Mfangano kwa boti. Wavuvi wa omena walikuwa wanatayarisha taa zao za usiku, na sisi wengine tumekaa mchangani tukipiga stori. Stori ilikuwa ya kijana mmoja aliyezama wiki chache kabla. Mmoja wetu akasema siku yake ilikuwa imefika. Mwingine akasema Mungu humchukua yule anayempenda. Wa tatu akapunguza sauti, akadai kuna mtu alimfanyia kitu.

Pembeni kulikuwa na jaduong' mmoja akishona wavu. Hakufika mbali na shule, na mwenyewe huwa anasema hivyo bila aibu. Bila hata kuinua kichwa akatuuliza: kama ni Mungu anachagua, mbona kila mara anachagua wale ambao hawakuvaa jaketi za kuokolea?

Tulinyamaza. Mtu akacheka kidogo. Halafu, bila mtu kupanga, maongezi yakageuka kuwa ya bei ya jaketi.

Nimelifikiria swali hilo sana, kwa sababu mimi ni mmoja wa wale walioacha chuo katikati. Ukiacha chuo, watu wanaanza kukuongelesha kama mtu ambaye kichwa chake kimefungwa. Ukitoa maoni kuhusu dini au maisha unaulizwa una digrii gani. Basi leo nataka niwaambie kuhusu mtu aliyekuwa na digrii zote unazoweza kutaja, halafu akatumia maisha yake kuthibitisha kwamba kufikiri hakuanzi na digrii. Angekuwa hai na apite Takawiri jioni ile, angeketi karibu na yule mzee wa nyavu na kumuuliza swali lingine, na lingine tena.

Anaitwa Henry Odera Oruka. Alizaliwa tarehe 1 Juni 1944 huko Ugenya, ng'ambo ya ghuba ukiangalia kutoka upande huu wetu wa Homa Bay. Miaka ya sitini alipata nafasi ya kwenda Sweden, Chuo Kikuu cha Uppsala. Alienda kwa ajili ya masomo ya sayansi, jambo ambalo mzazi yeyote wa Kenya angelifurahia. Akiwa huko, falsafa ikamnasa.

Mwalimu wake mkuu huko alikuwa Ingemar Hedenius, profesa ambaye Sweden nzima ilimjua kwa kubishana na kanisa. Msimamo wa Hedenius ulikuwa kwamba mtu asiamini jambo ambalo hana sababu nzuri ya kuliamini. Hebu piga picha kijana wa Ugenya, kutoka mahali ambapo Jumapili ni kanisa na kifo ni mila, ameketi darasani kwa mtu wa namna hiyo. Baadaye alipitia pia Chuo Kikuu cha Wayne State, Detroit, kule Marekani. Mwaka 1970 alikuwa ameshakuwa daktari wa falsafa, na akarudi nyumbani kufundisha Chuo Kikuu cha Nairobi.

Wakati huo falsafa ilikuwa imewekwa idara moja na masomo ya dini. Oruka hakufurahia ndoa hiyo. Aliona falsafa inahitaji chumba chake, mahali ambapo hata imani yenyewe inaweza kuulizwa maswali. Mwaka 1980 idara hizo zikatenganishwa, naye akawa mkuu wa kwanza wa Idara ya Falsafa.

Lakini kilichompa jina duniani hakikuwa cheo. Ilikuwa ni ugomvi.

Wasomi wengi wa Ulaya walikuwa wamezoea kusema kwamba Mwafrika ana mila, ana methali na ana ngoma, ila falsafa hana. Wengine waliotaka kututetea walijibu kwamba falsafa tunayo, ila ni ya jamii nzima kwa pamoja. Padri Placide Tempels, Mbelgiji aliyeishi Kongo, aliandika hivyo kuhusu Wabantu miaka ya arobaini. John Mbiti, Mkenya mwenzetu, alitoa kitabu chake maarufu kuhusu dini na falsafa za Kiafrika mwaka 1969.

Oruka hakukubaliana na pande zote mbili. Waliosema hatuna falsafa walikuwa wanatudharau, hilo liko wazi. Ila hata hawa watetezi, kwa macho yake, walikuwa wametufanya tuonekane kama kundi moja lenye kichwa kimoja. Kabila halifikiri, mtu ndiye anafikiri. Na katika kila kijiji, lazima kuna mtu ambaye wenzake wakisema ndiyo, yeye anauliza kwa nini.

Sasa utathibitishaje hilo? Oruka aliamua kwenda kuwatafuta watu hao. Kuanzia mwaka 1974, yeye na wenzake walianza kuzunguka sehemu mbalimbali za Kenya wakiongea na wazee waliosifika kwa hekima. Wengi wao hawakuwa wamesoma sana, na wengine hawakujua kuandika kabisa. Aliwauliza kuhusu Mungu, kifo, haki, usawa wa mume na mke, utajiri na umaskini. Yale yale tunayobishania ufukweni, tofauti ni kwamba yeye aliandika majibu na kurudi na swali la pili.

Hapa ndipo jambo linakuwa tamu, kwa sababu wazee hao hawakukubaliana hata kidogo.

Paul Mbuya Akoko, mzee aliyewahi kuwa Ker wa Waluo, alishikilia kwamba Mungu ni mmoja kwa watu wote. Kwake, Waluo walikosea kama walidhani Nyasaye ni wao peke yao, na ulimwengu wenye miungu mingi inayovutana usingekuwa na mpangilio huu tunaouona. Oruka Rang'inya, mzee wa Ugenya ambaye ndiye baba mzazi wa profesa, alienda mbali zaidi. Aliona ni makosa kumfikiria Mungu kama mtu fulani aliyeketi mahali. Kwake Mungu ni wazo, wazo la wema wenyewe, na wazo hilo lina faida kwa sababu linasaidia watu kuishi vizuri. Na kule Embu kulikuwa na Njeru wa Kanyenje, ambaye hakuomba kwa Mungu wala hakwenda kwa mganga, kwa sababu hakuona ukweli katika dini wala katika uchawi.

Soma tena hao watatu. Hao si vijana wa Nairobi waliotazama video mbili za mtandaoni. Ni wazee wa kijijini, waliozaliwa enzi za mkoloni au kabla yake. Mtu akikwambia kwamba kuhoji dini ni tabia ya kizungu, mpe jina la Njeru. Na mtu akikwambia kwamba mwenye akili hawezi kumwamini Mungu, mpe jina la Mbuya.

Ila Oruka hakusema kila mzee ni mwanafalsafa, na hapo ndipo wengi humwelewa vibaya. Alitenganisha aina mbili za watu wenye hekima. Kuna yule anayejua mila zote, methali zote, nani azikwe wapi na nani aanze kupanda. Huyo ni hazina, lakini ukimuuliza kwa nini, anakwambia ndivyo ilivyokuwa tangu jadi. Halafu kuna yule anayejua hayo yote na bado anaweza kusimama kando, akayapima, akasema hili ni jema na hili tuliache. Huyu wa pili ndiye Oruka alimwita mwanafalsafa. Na ukifikiria, hata Socrates wa Ugiriki hakuacha kitabu hata kimoja. Alikuwa anauliza watu maswali sokoni.

Wapinzani hawakukosa. Walimuuliza Oruka: je, falsafa hiyo ni ya mzee au ni yako wewe uliyemuuliza? Labda msomi kutoka Nairobi ndiye anampa mzee mawazo kwa jinsi anavyomsukuma. Oruka aliona kwamba kumsaidia mtu kutoa wazo lake si sawa na kulitengeneza wewe. Mimi bado sijui kama alimaliza ubishi huo. Najua tu kwamba nimewahi kuulizwa swali zuri, na jibu lililotoka lilikuwa langu, hata kama sikujua kwamba ninalo.

Mtihani wake mkubwa ulikuja mwaka 1987. Wakili S.M. Otieno alikuwa amefariki Desemba 1986. Mjane wake, Wambui, alitaka kumzika karibu na Nairobi, akisema hayo ndiyo yalikuwa mapenzi ya marehemu. Ukoo wake wa Umira Kager ukataka azikwe kwao Nyalgunga, Siaya, kama mila ya Waluo inavyotaka. Kesi ilisimamisha nchi, na mwili ukakaa mochari miezi mitano. Odera Oruka aliitwa mahakamani kueleza mila za Waluo, na alisimama shahidi upande wa ukoo. Wakili wa mjane akamhoji. Mwishowe ukoo ulishinda, na S.M. akazikwa Nyalgunga Mei 1987.

Nakiri kwamba sehemu hii hunisumbua. Mtu aliyetufundisha kuhoji mila, mbona alisimama upande wa mila dhidi ya mwanamke aliyefiwa? Unaweza kumtetea ukisema kueleza mila si lazima iwe kuiabudu, na kwamba alitaka kuonyesha kuwa mila zetu zina sababu zake, si ushenzi tu. Unaweza pia kusema kwamba siku ile alikuwa yule mwenye hekima wa aina ya kwanza, anayejua, badala ya yule wa pili, anayepima. Mimi naegemea hilo la pili. Na naona yeye mwenyewe alitupa ruhusa ya kumpima hivyo. Falsafa yake ingekuwa ya uongo kama ingemhoji kila mtu isipokuwa mwenye falsafa.

Jambo la mwisho ndilo linanigusa zaidi nikiwa huku ziwani. Mnajua habari ya jaboya: mvuvi hampi mama samaki za kuuza mpaka mama ampe mwili. Mambo haya yamesambaza ukimwi katika fuo za Homa Bay na Migori na kuacha mayatima wengi. Na kila mara ukisikiliza mahubiri, lawama inamwangukia mama. Eti hana maadili.

Oruka aliandika kuhusu kile alichokiita kiwango cha chini cha ubinadamu. Kila mtu ana haki ya vitu vitatu kabla ya kingine chochote: usalama wa mwili, afya, na riziki ya kumwezesha kuishi. Mtu aliyenyimwa hivyo vitatu, huwezi kumdai maadili kama unavyomdai aliyeshiba. Kwa sababu hiyo aliona kwamba msaada wa mataifa tajiri kwa maskini si sadaka, ni deni la haki. Na katika kitabu chake cha mwaka 1976 kuhusu adhabu, alikuwa ameshasema kwamba jamii inayoadhibu wahalifu bila kugusa kinachozaa uhalifu inajidanganya.

Hiyo haina maana kwamba hakuna kosa ufukweni. Mvuvi anayedai mwili ana kosa, tena kubwa. Lakini ukimtazama yule mama kwa macho ya Oruka, swali halibaki tu kwa nini alikubali. Linakuwa: ni nani alimfikisha mahali ambapo kukataa ni watoto kulala njaa? Ndiyo maana baadhi ya wanawake wa huku walipopata mashua zao wenyewe, maongezi ya maadili yalibadilika haraka kuliko mahubiri ya miaka mingi.

Mwaka 1991 Oruka aliuleta mkutano wa dunia wa falsafa Nairobi. Mwaka uliofuata alitoa kitabu cha mazungumzo yake na Jaramogi Oginga Odinga, akimchukulia kama mmoja wa wale wenye hekima. Kisha Desemba 1995 akagongwa na gari akivuka barabara Nairobi, akafa. Alikuwa na miaka 51. Kitabu chake kingine kilichapishwa mwaka 1997, mwenyewe akiwa kaburini.

Watu wengi wa rika langu wanatafuta kusudi la maisha kama mtu anayetafuta ufunguo uliopotea: kuna mahali uko, nikiupata nitatulia. Maisha ya Oruka yananipa picha nyingine. Alienda kutafuta sayansi akapata falsafa. Alienda Ulaya kutafuta falsafa, kisha akaikuta imeketi kwao Ugenya, kwa baba yake mzazi. Nadhani kusudi lake lilitengenezwa na maswali aliyokataa kuyaacha.

Niliporudi Takawiri mara ya pili nilimuuliza yule mzee wa nyavu kama yeye anaamini Mungu. Alisema anaamini sana. Ndiyo maana, akasema, hapendi watu wakimsingizia kazi ambazo hakufanya. Mashua ya mwanawe ilikuwa imefungwa hapo karibu, na ndani yake niliona jaketi tatu, mpya kabisa.