Zoltán Kodály: Mtoto wa Stesheni Masta Aliyeandika Tasnifu ya Nyimbo



Mhariri ameniomba niandike maisha ya mtu mashuhuri, marehemu wa siku nyingi, ambaye wanafunzi wanaweza kujifunza jambo kwake. Katika matoleo yaliyopita wenzangu wamekwisha kutuletea majemadari, wavumbuzi na viongozi wa nchi. Mimi nilishika chaki ya Kiswahili na muziki kwa miaka mingi, kwa hiyo sina budi kumleta mwanamuziki. Jina lake ni Zoltán Kodály, Mhungari.

Huenda msomaji akauliza, Mhungari anatuhusu nini? Kila aliyeimba katika kwaya yetu anazikumbuka herufi zile mwalimu alizoandika ubaoni: d, r, m, f, s, l, t. Mfumo huo ulianzia Uingereza katika karne ya 19 kwa mwalimu Sarah Glover, ukaendelezwa na mchungaji John Curwen, na wamisionari wakauleta kwetu. Kodály aliuchukua mfumo huo huo akaufanya alfabeti ya muziki kwa watoto wa nchi nzima. Lakini hakuanzia hapo. Alianza na tasnifu ya chuo kikuu, na habari ya tasnifu hiyo ndiyo hasa ninayotaka kuwasimulia.

Kodály alizaliwa tarehe 16 Desemba 1882 katika mji wa Kecskemét. Baba yake alikuwa mtumishi wa reli, stesheni masta, na kama tunavyojua, mtumishi wa reli hana mji wake, huenda anakopelekwa. Tangu 1885 hadi 1892 familia ilikaa Galánta, mji mdogo wenye wakulima wengi. Huko mtoto Zoltán alisoma shule ya msingi na watoto wa wanavijiji, wengi wao wakienda peku. Nyimbo zao alizisikia kila siku. Naomba msomaji aliweke jambo hili akilini, maana litarudi.

Nyumbani napo palikuwa na muziki. Baba alipiga fidla, mama alipiga piano na kuimba. Jioni walikutana na marafiki kupiga muziki wa watu wanne, na mara nyingi mpiga selo alikosekana. Kijana alijifunza selo mwenyewe ili pengo lile lizibwe. Mwaka 1892 walihamia mji wa Nagyszombat, ambao siku hizi umo nchini Slovakia na huitwa Trnava. Huko alisoma sekondari, akaimba katika kwaya ya kanisa kuu, na mwaka 1898 okestra ya shule yake ilipiga kazi aliyoitunga yeye mwenyewe. Alikuwa na umri wa miaka 15. Vijana mnaodhani kwamba mambo makubwa huanza baada ya mtihani wa mwisho, hapo pana la kufikiria.

Mwaka 1900 alikwenda Budapest akajiandikisha mahali pawili kwa wakati mmoja. Chuo Kikuu alisoma Kihungari na Kijerumani. Chuo cha Muziki alisomea utunzi kwa Hans Koessler, mwalimu Mjerumani. Alipata stashahada ya utunzi mwaka 1904 na ya ualimu mwaka 1905. Ilibaki shahada ya udaktari wa falsafa, na ili aipate ilimlazimu kuandika tasnifu.

Lazima nieleze hali ya nchi ilivyokuwa. Hungaria wakati huo ilikuwa sehemu ya dola la Austria na Hungaria. Muziki uliohesabiwa kuwa wa heshima katika miji ulikuwa wa Kijerumani. Wenye kupenda muziki wa kwao waliusikiliza mikahawani, ulipopigwa na bendi za Waroma, na wengi waliamini kwamba huo ndio muziki wa asili wa Wahungari, ingawa sehemu yake kubwa ilikuwa nyimbo zilizotungwa na waungwana wa miji katika karne ile ile. Nyimbo za wakulima hazikuhesabiwa kitu. Kama zilichapishwa, mara nyingi yalichapishwa maneno peke yake, bila sauti zake.

Kodály alichagua kuandika juu ya muundo wa ubeti katika nyimbo za jadi za Kihungari. Sisi tuliolelewa na ushairi wa Kiswahili hatuhitaji kuelezwa sana. Katika nyimbo za kale za Kihungari ubeti wa mishororo minne ni wa kawaida, na mara nyingi mishororo yote huwa na mizani sawa, kwa mfano 8 au 11. Aliyepata kuhesabu mizani ya utenzi kwa vidole yuko nyumbani kabisa. Lakini ye yote aliyekwisha kusikia utenzi ukighaniwa anajua pia kwamba ubeti kwenye karatasi ni nusu ya ubeti. Sauti ndiyo inayoonyesha mahali pa kupumzika, mahali pa kuvuta na mahali pa kurudia. Kodály alitambua kwamba hawezi kueleza ubeti wa wimbo kwa kusoma vitabu tu.

Bahati nzuri alikuwapo mtu aliyekwisha kumtangulia. Béla Vikár, mwandishi stadi wa hati mkato, alikuwa akizunguka vijijini tangu 1896 na fonografu, mashine iliyonasa sauti katika silinda za nta. Kodály alizisikiliza silinda hizo. Hata hivyo hakuridhika na kusikiliza alichokusanya mwingine. Agosti 1905, akiwa na umri wa miaka 22, alikwenda mwenyewe vijijini. Je, alikwenda wapi? Alirudi sehemu za Galánta, kwa watu wa utoto wake.

Hapo ndipo ninapomheshimu zaidi. Msomi wa Budapest, mwenye stashahada mbili, alirudi kwa wale waliokwenda peku, safari hii wao wakiwa walimu na yeye mwanafunzi. Aliandika nyimbo zipatazo 150. Mwaka ule ule alichapisha 13 kati yake katika jarida la elimu ya mila, na mwaka 1906 akakamilisha tasnifu na kupata udaktari wake.

Naomba ruhusa niseme neno moja juu yangu. Baada ya kustaafu nami nilirudi darasani, nikaandika tasnifu ya shahada ya uzamili juu ya nyimbo za kutwanga na za kulima za kwetu. Nilipokuwa naandika, jamaa wengi waliniuliza kwa upole kama mzee mwenye wajukuu hana shughuli nyingine, na vijana waliniuliza kama shahada ya muziki inalipa. Sikuwalaumu. Lakini katika kijiji chetu mabibi waliozijua nyimbo zile zote walikuwa watano nilipoanza, na siku niliyokabidhi tasnifu walikuwa wamebaki wawili. Shahada yangu haikumrudisha hata mmoja. Ila sauti za wale watatu zimehifadhiwa, pamoja na majina yao na majina ya mama zao waliowafundisha. Nilipochoka, kilichonirudisha mezani ni habari ya yule kijana wa Galánta.

Sasa turudi kwake. Wengi wakishapata shahada huifunga tasnifu katika sanduku. Kodály alifanya kinyume. Wakati ule ule alijuana na Béla Bartók, mtunzi aliyemzidi umri kwa mwaka mmoja na ambaye pia alikuwa ameanza kuvutwa na nyimbo za wakulima. Ingawa Bartók alikuwa mkubwa, katika jambo hili Kodály ndiye aliyekuwa mwalimu, kwa kuwa alikuwa amekwisha kujifunza namna ya kukusanya na kupanga. Mwaka 1906 wawili hao walitoa kitabu chembamba cha nyimbo 20, kumi kila mmoja, zikiwa na usindikizaji wa piano. Urafiki huo ulidumu mpaka kifo. Mwaka 1907 Kodály akawa mwalimu katika Chuo cha Muziki, na kila alipopata nafasi alirudi vijijini, mpaka Vita Kuu ya Kwanza ilipozuia safari.

Maisha hayakumwendea kama mteremko. Mwaka 1919 serikali ya kikomunisti ilishika nchi kwa miezi michache, na Kodály akawa naibu mkurugenzi wa Chuo cha Muziki. Serikali hiyo ilipoanguka alishtakiwa kinidhamu na kuzuiwa kufundisha kwa muda. Mwaka 1920 mipaka ya nchi ilibadilishwa kwa mkataba, na Galánta na Nagyszombat zikawa katika nchi nyingine. Shule zake zote za utotoni zikabaki ng'ambo ya mpaka. Mwaka 1923 alitoa kazi yake kubwa ya kwaya na okestra, Psalmus Hungaricus, katika sherehe ya miaka 50 ya kuunganishwa kwa miji iliyofanya Budapest, na jina lake likavuka mipaka. Mwaka 1933 alitunga Ngoma za Galánta. Mji uliomlea akaupeleka katika majumba ya muziki ya dunia.

Kisha likaja swali ambalo tasnifu yake haikulijibu: nyimbo zimekwisha kukusanywa, nani sasa ataziimba? Mwaka 1925 aliwasikia wasichana wa chuo cha ualimu wakiimba matembezini, na nyimbo walizoimba zilimsikitisha kwa uduni wake. Hao ndio waliokuwa wakiandaliwa kufundisha watoto! Tangu hapo mtunzi huyu wa okestra kubwa aliandika kwa bidii nyimbo za watoto na mazoezi ya kuimba, sauti moja, sauti mbili, sauti tatu. Alishikilia kwamba mtoto aanze na nyimbo za lugha yake mwenyewe, kama anavyoanza kusema kwa lugha ya mama. Kwamba ala ya kwanza ya kila mtu ni koo lake, na hiyo hainunuliwi. Na kwamba kusoma muziki ni haki ya kila mtu kama kusoma maandishi. Hapo ndipo do, re, mi na ishara za mkono za Curwen zilipoingia kazini.

Vita vya pili vilimkuta Budapest. Mke wake Emma alikuwa wa asili ya Kiyahudi, na mji ulipozingirwa walijificha katika nyumba ya watawa, kisha chini ya jumba la opera. Misa yake fupi, Missa Brevis, iliimbwa kwa mara ya kwanza Februari 1945 katika chumba cha kuwekea makoti cha jumba hilo. Mwaka huo huo Bartók alifariki New York. Kodály akabaki na kazi waliyoianza wote wawili, ya kupanga maelfu ya nyimbo zilizokusanywa. Kitabu cha kwanza cha mkusanyo huo mkubwa kilitoka mwaka 1951, miaka 45 baada ya tasnifu. Nacho kilikuwa cha michezo na nyimbo za watoto.

Mwaka 1950 mjini Kecskemét, alikozaliwa, ilifunguliwa shule ya msingi yenye kufundisha kuimba kila siku, na nyingine zikafuata. Alifariki Budapest tarehe 6 Machi 1967 akiwa na miaka 84. Mwaka 2016 UNESCO iliitambua njia yake ya kuhifadhi urithi wa nyimbo za watu kuwa mfano mwema wa kufuatwa.

Ndugu zangu, nimesimulia haya kwa kusudi. Kodály alichukua nyimbo kwa watoto wa kijiji, akapata udaktari kwazo, kisha akatumia zaidi ya miaka arobaini kuzirudisha kwa watoto. Kwangu mimi tasnifu hukamilika hapo, si siku ya kuvaa joho. Aliyefundishwa na watu ana deni kwao.

Shule yetu ilitukusanya kutoka kila pembe ya nchi, na bwenini tulifundishana nyimbo za makwetu kabla hatujafundishana hesabu. Kwa hiyo natoa ombi. Kila atakayehudhuria mkutano wa mwakani alete wimbo mmoja wa kwao, umeimbwa na mzee anayeujua. Simu iliyo mfukoni mwenu inanasa sauti vizuri kuliko fonografu ya Vikár. Kwanza mwombeni mzee ruhusa. Kisha andikeni jina la mwimbaji, kijiji, tarehe, na wimbo huimbwa wakati gani. Mwalimu wa maktaba amekubali kuzitunza, na mwalimu wa kwaya ameahidi kwamba kila muhula vijana watajifunza mmoja.

Na wewe kijana wa kidato cha tano unayependa muziki lakini unaona haya kusema, ukiulizwa utaandika tasnifu juu ya nini, anza na bibi yako. Usikawie, maana yeye hakungojei.