Denis Burkitt: Daktari wa Jicho Moja Aliyeifuata Saratani kwa Ramani

Katika ukurasa wetu wa maisha ya waliotangulia, safari hii tunamtazama daktari ambaye hakuwa Mwislamu. Elimu yenye manufaa haiulizi mwenyewe ni nani. Tumemchagua kwa sababu kazi yake inawahusu watoto wa ukanda wa malaria, na watoto wa kwetu Nchelenge, kando ya Ziwa Mweru, wamo ndani yake.

Kuzaliwa na masomo

Denis Parsons Burkitt alizaliwa tarehe 28 Februari 1911 karibu na Enniskillen, Ireland. Akiwa na miaka 11 alipoteza jicho moja kwa kupigwa jiwe. Alianza kusomea uhandisi katika chuo cha Trinity, Dublin, kisha akahamia udaktari na kuhitimu mwaka 1935. Miaka mitatu baadaye alifaulu kuwa mpasuaji. Alipoomba kazi katika utumishi wa makoloni alikataliwa kwa sababu ya jicho lile. Vita vikuu vya pili vikamleta Kenya na Somalia akiwa daktari wa jeshi. Mwaka 1946 aliajiriwa Uganda, akaanzia Lira na baadaye akahamia hospitali ya Mulago, Kampala.

Watoto wawili

Mwaka 1957 daktari mwenzake, Hugh Trowell, alimwita amtazame mtoto mwenye uvimbe pande zote nne za taya. Burkitt hakuwahi kuona jambo kama hilo. Muda mfupi baadaye, akiwa katika hospitali ya Jinja, alichungulia dirishani akamwona mtoto mwingine mwenye uso ule ule. Mtoto mmoja angeweza kusahaulika; wawili walimnyima usingizi.

Alirudi kwenye mafaili ya Mulago na kukuta kwamba watoto wenye uvimbe wa taya mara nyingi walikuwa na uvimbe mwingine tumboni, kwenye figo au kwenye ovari. Madaktari walikuwa wakiandika magonjwa mbalimbali, kumbe ni ugonjwa mmoja. Alichapisha habari hiyo mwaka 1958. Wenzake wa maabara wakathibitisha kwamba ni limfoma, yaani saratani ya seli za kinga. Leo inaitwa limfoma ya Burkitt.

Safari ya wiki kumi

Burkitt aliuliza swali jepesi: ugonjwa huu uko wapi, na wapi haupo? Alituma picha za watoto wagonjwa kwa hospitali nyingi za Afrika. Kisha Oktoba 1961, pamoja na madaktari Ted Williams na Cliff Nelson, aliondoka Kampala kwa gari la Ford la mtumba. Walisafiri takriban maili 10,000 kwa wiki kumi hadi Afrika Kusini na kurudi, wakiingia hospitali moja baada ya nyingine na kuonyesha zile picha.

Ramani ilijibu. Uvimbe ulionekana katika nchi za joto na mvua, na ulipotea kwenye nyanda za juu zenye baridi. Ulikuwa ukanda wa mbu. Hata hivyo Zanzibar na Pemba, visiwa vya joto na mvua, ulikuwa nadra. Huko kampeni ya kuua mbu ilikuwa imepunguza malaria. Baadaye Burkitt mwenyewe aliandika kuunga mkono hoja kwamba malaria ni sehemu ya chanzo cha saratani hii.

Wakati huo huo mhadhara wake wa London wa mwaka 1961 ulikuwa umemvutia mtafiti Anthony Epstein, ambaye alianza kupokea vipande vya uvimbe kwa ndege kutoka Kampala. Mwaka 1964 Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong walitangaza virusi vipya walivyoviona ndani ya seli hizo. Vinaitwa Epstein-Barr.

Ishara isiyozimwa

Malaria na virusi vinaletaje saratani? Burkitt aliona ramani tu. Jibu la ndani ya seli lilikuja baadaye.

Mwilini tuna seli B, zinazotengeneza kingamwili. Juu ya ngozi ya kila seli B kuna kipokezi. Kijidudu kikikigusa, ishara hupita kutoka protini moja hadi nyingine mpaka kwenye kiini cha seli, na amri hutoka: gawanyika, ongezeka, pigana. Jeni iitwayo MYC ni mmoja wa watekelezaji wa amri hiyo. Adui akiondoka, ishara huzimwa na MYC hutulia.

Mwaka 1982 watafiti walionyesha kilichoharibika katika limfoma ya Burkitt. Kipande cha kromosomu ya 8 chenye MYC hukatika na mara nyingi kuunganishwa kwenye kromosomu ya 14, jirani na jeni ya kingamwili. Katika seli B jeni hiyo iko kazini muda wote, kwa hiyo MYC nayo haipumziki. Seli inaendelea kutii amri ambayo hakuna aliyeitoa.

Hapo ndipo malaria inapoingia. Mtoto anayeugua mara kwa mara, seli B zake huchochewa bila kupumzika. Ili kuboresha kingamwili, seli hizo hukata na kuunga jeni zao zenyewe, na kila mkato ni nafasi ya kuunga vibaya. Malaria pia hudhoofisha seli T, walinzi wanaozizuia seli zenye virusi vya Epstein-Barr. Seli inayosukumwa kupita kiasi kwa kawaida hujiua. Virusi huisaidia kukataa kufa. Tena ndani ya uvimbe virusi hujionyesha kidogo sana, hata seli T zisivitambue. Virusi hivi wanavyo karibu watu wote, na wengi hawaugui saratani. Ni kukutana kwa mambo haya kunakoleta hatari.

Tiba na mwisho wake

Kisu hakikufaa, na Kampala haikuwa na mashine za mionzi. Burkitt alijaribu dawa, miongoni mwake methotrexate na cyclophosphamide. Uvimbe uliyeyuka kwa siku chache, na baadhi ya watoto walipona kabisa. Ilikuwa miongoni mwa saratani za kwanza kuponywa kwa dawa peke yake. Alirudi Uingereza mwaka 1966, akajulikana pia kwa utafiti wa vyakula vyenye nyuzinyuzi, na alifariki tarehe 23 Machi 1993.

Mafunzo kwetu

Nchelenge iko chini ya mita 1,000, kati ya ziwa na vinamasi, na ni miongoni mwa wilaya zenye malaria nyingi zaidi Zambia. Taya la mtoto likivimba upesi na meno kulegea, tusiishie kung'oa jino wala kutafuta aliyemroga. Apelekwe hospitali mapema, maana uvimbe huu hukua haraka sana, na dawa huufikia vizuri zaidi ukiwa mdogo. Na chandarua tunachokichukulia kuwa kinga ya homa tu kinapunguza pia ile kelele inayochosha seli za mtoto. Wale wavuvi wanaokitandaza ziwani kuvulia chisense waambiwe hili, kwa upole, na sisi tunaolijua.