Mama Zita, mjane wa watoto wanane ugenini

Katika kukumbuka waliotutangulia, safari hii tunamtazama mama mmoja Mkatoliki, Zita, aliyezaliwa tarehe 9 Mei 1892 kule Italia na kufariki tarehe 14 Machi 1989, akiwa na miaka 96. Katika miaka hiyo, 63 aliishi bila kukanyaga Austria, nchi aliyoolewa. Najua wapo watakaosema huyu alikuwa mke wa mfalme, ukimbizi wake si kama huu wetu wa kupanga foleni ya mgao. Ni kweli kwa sehemu. Lakini someni kwanza.

Baba yake alikuwa mtawala wa Parma aliyekwisha kunyang'anywa utawala wake zamani, na alizaa watoto 24 kwa wake wawili, wa pili akiolewa baada ya wa kwanza kufa. Zita alikuwa wa kumi na saba. Dada zake watatu wakawa watawa. Yeye aliolewa na Karl wa Austria tarehe 21 Oktoba 1911, na mwezi Novemba 1916 mumewe akarithi kiti cha ufalme wa Austria na Hungaria. Vita Kuu ilikuwa katikati. Ni vita ileile iliyowafanya babu zetu kuwa wapagazi, na mwaka uleule askari wa Kongo ya Wabelgiji walikuwa wameingia Tabora.

Vita hiyo iliigawa familia yake kama zetu zilivyogawanyika. Kaka zake wawili, Sixtus na Xavier, walikuwa katika jeshi la Ubelgiji, yaani upande wa adui wa mumewe. Mwaka 1917 Karl aliwatumia hao mashemeji kupeleka barua za siri za kutafuta amani. Amani haikupatikana. Siri ilipofichuka mwaka 1918, watu wakamgeukia Zita: huyu Mwitalia, huyu mgeni, ndiye msaliti. Nani kati yetu hajasikia maneno ya namna hiyo, mtu kuhukumiwa kwa kabila la mama yake?

Ufalme ulianguka Novemba 1918, na Machi 1919 wakapanda treni kwenda Uswisi na watoto wao. Mwaka 1921 Karl alijaribu mara mbili kurudi kutawala Hungaria. Mara ya pili Zita aliandamana naye kwa ndege, akiwa na mimba changa. Damu ikamwagika karibu na Budapest, wakakamatwa. Hapo mimi nasema wazi: kiti hakikustahili damu ile, hata kama aliyekitafuta alikuwa mtu wa sala.

Walipelekwa kisiwa cha Madeira, mali ya Ureno, mbali baharini. Vito vyao walivyokuwa wamemkabidhi mtu viliwapotea, na fedha ya kulipa hoteli ikaisha. Wakapewa nyumba huko juu mlimani, yenye ukungu na unyevu, isiyofaa wakati wa baridi. Machi 1922 Karl alishikwa na homa ya mapafu. Tarehe 1 Aprili alikata roho, akiwa na miaka 34. Zita alimwita Otto, mwanawe wa kwanza wa miaka tisa, asimame aone jinsi baba yake anavyokufa katika imani. Akina mama wengine wangemficha mtoto, yeye hakumficha.

Alikuwa na miaka 29, na mtoto wa nane tumboni. Elisabeth alizaliwa Hispania tarehe 31 Mei mwaka huo, baada ya mfalme wa huko kutuma meli kuwachukua. Tangu siku ya kifo kile Zita alivaa nguo nyeusi hadi kufa kwake, miaka 67.

Walikaa Lekeitio, mji wa wavuvi kaskazini mwa Hispania. Hapo ndipo ninapompenda zaidi. Hakusubiri kurudi nyumbani ndipo watoto wasome. Alitafuta walimu, akawafundisha kwa mitaala ya Austria na ya Hungaria, na lugha kadhaa. Misa ilikuwa kila siku. Otto alipofikia chuo kikuu, mama alihamisha nyumba nzima kwenda Ubelgiji, na mwaka 1935 kijana akapata udaktari wake Leuven.

Mei 1940 Wajerumani waliivamia Ubelgiji, na nyumba yao ikapigwa mabomu. Wakakimbia tena: Ufaransa, Hispania, Ureno, hadi Marekani, kisha Quebec nchini Kanada, ambako masista waliwapa mahali pa kukaa na watoto wadogo wakaweza kusoma kwa Kifaransa. Fedha ilikuwa haba sana. Inasimuliwa kwamba walichuma majani machungu ya porini, yanayofanana na mchunga wetu, wakayala kama mboga. Vita ilipokwisha, mama huyo alizunguka Marekani na Kanada akiomba msaada kwa ajili ya wenye njaa wa Austria na Hungaria. Walewale waliomfukuza.

Austria ilikuwa na sheria ya mwaka 1919: asiyekana madai ya ufalme haingii. Otto alitia sahihi mwaka 1961. Mama alikataa. Sijui kama ningemshauri hivyo, maana mwaka 1971 binti yake Adelheid alifariki, akazikwa Austria, na mama hakuruhusiwa kufika kaburini. Wenye jamaa waliozikwa ng'ambo ya mpaka wanajua uzito wake. Ni mwaka 1982 tu, akiwa na miaka 90, serikali ilipokubali aingie bila kusaini kitu. Kufikia hapo mtoto wa jicho ulikuwa unamfunga macho yote mawili.

Alifariki Zizers, Uswisi, katika nyumba ya wazee. Serikali ya Austria iliruhusu azikwe Vienna kwa sharti kwamba familia ilipe gharama. Alizikwa tarehe 1 Aprili 1989, siku ileile aliyofiwa na mumewe. Kwa desturi yao, jeneza linapofika kwenye kaburi la wafalme, mlango hubishwa na mtawa wa ndani huuliza ni nani. Lilitajwa jina lake pamoja na vyeo vyote. Mtawa akajibu hamjui. Likatajwa tena kwa kifupi, hamjui. Mara ya tatu akatajwa kuwa ni Zita, mwanadamu mwenye dhambi. Mlango ukafunguliwa.

Karl alitangazwa Mwenye Heri na Papa Yohane Paulo II mwaka 2004, na tangu 2009 Kanisa Katoliki limeanza kuchunguza maisha ya Zita pia. Mwili wa mume bado uko Madeira, wa mke uko Vienna. Mioyo yao imewekwa pamoja Muri, Uswisi.