Pierre Bézier, fundi wa Renault aliyegeuza mstari wa kupinda kuwa namba

Wafundi wa chuma wa Butembo na Beni wanaijua sana kazi hii. Kliyenti anataka antivol ya dirisha yenye maua. Fundi anachora kwa chaki juu ya simenti, anakunja fero, anapima, anakunja tena. Kesho mwingine anakuja, anataka maua yale yale, lakini dirisha lake limezidi sentimeta 10. Fundi anafuta na kuanza upya. Mtu aliyepigana miaka mingi na kazi ya kurudilia-rudilia namna hiyo alikuwa Mfaransa, jina lake Pierre Bézier.

Alizaliwa Paris tarehe 1 Septemba 1910. Baba yake alikuwa injeniere, babu yake vilevile. Alimaliza masomo ya mekanike kwenye Arts et Métiers mwaka 1930, kiisha akaongeza ya umeme kwenye Supélec. Mwaka 1933 akaingia kwenye kiwanda cha magari cha Renault, na hakutoka pale mpaka 1975. Miaka 42 kwa patron mmoja! Pamoja na diplome zake 2, alianzia chini, kwenye kupanga vyuma vya kukatia ndani ya mashini. Mtu anayeanzia pale anajua kazi kwa mikono, si kwa karatasi tu.

Mwaka 1945 akawa mkubwa wa biro ya kuchora vifaa vya kazi. Kiisha akaongoza utengenezaji wa mashini zilizopangwa kwa mstari, zinazopitishiana kipande zenyewe bila mtu kukibeba. Hizo ndizo zilizochonga sehemu nyingi za mekanike za 4CV, gari dogo ambalo Renault iliuza zaidi ya milioni 1.

Lakini bodi ya gari ilibaki shida. Tundu au kipande cha mraba ni rahisi kukieleza kwa namba. Mlango uliopinda je? Mchoraji alichora mistari mikubwa kwa mkono, wengine wakatengeneza gabari za mbao, wengine wakachonga modeli ya gipsi, na ile modeli ndiyo iliyokuwa sheria. Kila mkono uliopita uliongeza kosa lake kidogo. Mwishoni vipande havikuingiana, na kila biro ilisukumia ingine lawama.

Huko Marekani, tangu 1952 chuo cha MIT kilikuwa kimeonyesha mashini ya kuchonga inayofuata namba zilizotobolewa kwenye utepe. Lakini mtu alipaswa kuandika namba hizo, na kwa umbo la kupinda zilikuwa nyingi mno.

Mwaka 1960 Bézier, akiwa na miaka 50, akaanza kutafuta njia. Aliwaza mstari uliofungwa ndani ya sanduku: ukivuta kona ya sanduku, mstari nao unavutika. Polepole ikawa hivi: unaweka alama 4. Mbili ni miisho ya mstari, mbili za katikati zinauvuta bila kuugusa, sawa vile sumaku. Kila alama ina namba 3, kwa hiyo mstari mzima ni namba 12 tu. Hautaki umbo hilo? Sogeza alama moja, ordinatere inahesabu upya njia ya chuma cha kukatia, na mashini inachonga. Hakuna mtu wa kuandika upya orodha ndefu ya namba.

Si wote Renault waliofurahi. Kulikuwa waliosema kama kitu hicho kingewezekana, Wamarekani wangekuwa wamekwisha kukifanya. Yeye akaendelea, na programu yake, UNISURF, ikaingia kazini mwaka 1968.

Kumbe hakuwa wa kwanza. Kwenye Citroën, kijana wa hesabu Paul de Casteljau alikuwa amefikia mistari ile ile mwaka 1959. Citroën ikaifanya siri ya kampuni. Bézier aliandika na kufundisha, basi mistari ikabeba jina lake yeye. Hapo de Casteljau alionewa, ingawa si kwa kosa la Bézier.

Leo mistari hiyo iko hata ndani ya herufi unazosoma hapa, na kila biro ya kutengeneza banderole inaivuta kwa souris. Programu ya bure kama FreeCAD inaenda mbele: upana wa dirisha unaandikwa kwenye tablo, unabadilisha namba moja, mchoro unajipanga wenyewe na kutoa amri za mashini. Mashini zenyewe ni bei kali, lakini kuchora kunaweza kujifunzwa kwenye ordinatere ya kawaida.

Bézier alipata udaktari wa hesabu mwaka 1977, akiwa amekwisha kutoka Renault, na alifundisha Paris mpaka 1979. Alifariki Novemba 1999, akiwa na miaka 89. De Casteljau aliishi mpaka 2022, na njia ambayo ordinatere nyingi zinatumia kuhesabu mistari ya Bézier inaitwa kwa jina lake.